Presha ya macho haisubiri maumivu

Mwandishi, katika makala yako kuhusu macho, mtoto wa jicho umeueleza vizuri. Ila presha ya macho umeipitia juu juu, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwenye mtoto wa jicho hata akichelewa, daktari anaweza kuitoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia, mzee akaona tena. Presha ya macho inaua mshipa wa fahamu wa jicho, na uoni uliopotea haurudi. Tena mara nyingi haiumi kabisa! Baba yangu mdogo alikuwa akisoma gazeti bila shida, huku bega linagonga fremu ya mlango na miguu inakanyaga sufuria zilizowekwa pembeni. Watu wakasema ni uzee. Kumbe uoni wa pembeni ulikuwa umeshaondoka.

Sisi Waafrika ugonjwa huu hutupata mapema zaidi, na hufuata ukoo. Ukifika miaka 40 kapimwe presha ya macho na mshipa uangaliwe. Kusoma herufi za ukutani peke yake hakutoshi. Na jamani, matone yenye steroidi msijinunulie famasi kila jicho likiwasha. Yakitumika muda mrefu yanaweza kuipandisha presha hiyo hiyo.