Wafu wetu wana majina, yaandikwe



Kila tarehe 2 Agosti tunaombwa kusimama na kukumbuka. Ni sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 njo iliweka ile siku, sababu vita ya pili ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Maua yanawekwa, wakubwa wanasoma hotuba, na kila hotuba iko na milioni ndani yake: milioni tano, milioni sita, milioni kumi. Kesho yake, uliza mutu yeyote mwenye alikuwa pale akutajie majina kumi tu ya watu waliouawa Makobola. Utangoja sana.

Mimi mwenye kuandika nilishafika Gisozi, kule Kigali, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Watutsi ya 1994. Kutoka Goma ni kuvuka mupaka na kupanda bisi, masaa matatu ao mane. Kuingia ni bure. Pale wamezikwa watu zaidi ya 250 000, chini ya mabamba makubwa ya saruji, katikati ya bustani. Lakini siyo ile hesabu njo inakushika. Ni chumba cha watoto. Picha kubwa ya mutoto, na chini yake jina, miaka, chakula alichopenda, muchezo aliopenda, halafu namna alivyouawa. Basi. Hakuna hotuba. Inje kuna ukuta wa majina, na ule ukuta haujaisha, sababu kuna familia zilizomalizwa zote, hakubaki hata mutu wa kusema nani alikuwa nani.

Najua wamoja watakasirika: umeenda kulilia kwao, na wetu je? Tujibu wazi. Wale watoto waliuawa, na kuwalilia hakupunguzi hata kidogo yale jeshi la Rwanda limefanya kwetu, yenye wataalamu wa ONU wameandika ripoti juu ya ripoti. Mutu akitumia wafu wake kwa kufunika wafu wetu, kosa ni lake, siyo la wale wafu. Na siye tusifanye vile vile.

Kwetu tunapenda milioni. Ile hesabu ya milioni 5,4 yenye inatajwa kila mahali ilitoka kwa uchunguzi wa shirika IRC, kwa miaka ya 1998 mupaka 2007, na wengi ndani yake hawakupigwa risasi: ni malaria, kuhara, njaa, watoto waliofia porini mama anakimbia. Ni vifo vya vita, ndiyo. Lakini milioni haina jina, na mutu wa inje anaweza kuibishia kwa dakika mbili. Jina la mama fulani wa Kasika, na kijiji chake, na watoto wake, nani atalibishia?

Kazi ya kuanzia iko. Ripoti Mapping ya ONU ilitoka 2010, inahesabu visa 617 kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na fasi na tarehe. Kasika, 24 Agosti 1998, watu zaidi ya elfu pale na vijiji vya karibu. Makobola, mwisho wa 1998 na siku za kwanza za 1999, zaidi ya 800. Kisangani, Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipigana siku sita katika muji wetu. Ndani ya ile ripoti kuna pia wakimbizi Wahutu wa Rwanda waliouawa katika misitu yetu, na Watutsi Wakongomani waliowindwa Kinshasa na Lubumbashi Agosti 1998. Na mwaka 2004 kule Gatumba, Burundi, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi Wanyamulenge. Hawa wote waandikwe. Ukuta wenye kuchagua kabila ni heri usijengwe, sababu utakuwa silaha ingine tu, na silaha hatukukosa.

Kwa hiyo tunaomba serikali hivi. Sheria ile ile ya 2022 iko na mufuko wake, FONAREV, wenye kupata 11% ya redevance ya madini. Ile siyo franga ya kuuza kuku. Mbele ya kumwaga saruji yoyote Kinshasa, sehemu yake iende kwa kuandika majina, teritware kwa teritware, na orodha itundikwe mahali kila mutu anaweza kusoma na kusahihisha. Makaburi ya pamoja yawekewe alama na kulindwa, mbele mutu hajalima juu yake ao kujenga. Mengine yako njiani ya kuisha kabisa: waliyoyachimba wanazeeka.

Na siye vijana tusikae tukingoja. Tuko wengi tuliomaliza iniversite, diplome iko ukutani, kazi hakuna, muda tunao. Parokia ziko na vitabu vya ubatizo, shule ziko na orodha za wanafunzi wa zamani, shefu wa avenue anajua nyumba gani ilibaki bila mutu. Kaye moja na biki kwa kila kijiji. Jina, miaka, fasi, siku, na nani amesema. Mwenye anaogopa kuonekana, jina lake tulifiche, la marehemu wake libaki. Kila sehemu ya mouvement ichague watu wawili na itutumie majina yao. Tunaanza na wazee, sababu hao hawatatungoja.