Mwezi Si Kiwanja cha Kuuzwa

Tarehe 8 Januari, 2024, roketi iliruka kutoka Cape Canaveral, Marekani, ikiwa imebeba chombo kiitwacho Peregrine, kilichokusudiwa kutua Mwezini. Pamoja na vipimo vya wanasayansi, humo mlikuwamo vikasha vyenye majivu ya maiti waliochomwa, ambavyo jamaa zao walivilipia ili vikae huko daima. Havikufika. Saa chache baada ya safari kuanza mafuta yalivuja, na siku kumi baadaye chombo kiliongozwa kurudi, kikateketea juu ya Bahari ya Pasifiki ya Kusini.

Wako waliocheka. Sisi hatucheki, kwa sababu mfiwa hachekwi kwa namna anavyotafuta faraja. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa kumwosha maiti, kumsitiri kwa sanda na kumrudisha udongoni upesi, tajiri na maskini kwa kitambaa kile kile. Majirani zetu Wahindu huchoma maiti wao na kuyatia majivu majini, wala hatujapata kugombana nao kwa hilo. Kila umma una ada zake.

Neno letu ni jingine. Mwezi ni wa nani, hata nafasi ya kuzikia huko iwe na bei? Kampuni iliyouza nafasi hizo ilitangaza bei inayoanzia karibu dola 13,000 kwa kikasha kimoja, nacho huchukua gramu chache tu za majivu. Watatuambia: gramu chache zitaudhuru nini Mwezi mzima? Anayesema hivyo hajapata kuamua ugomvi wa shamba. Sisi tumekaa katika mabaraza ya namna hiyo, na tunajua kwamba mtu akitaka kuthibitisha kuwa kiunga ni cha ukoo wake, kwanza huwapeleka wazee kwenye makaburi. Kaburi ni dai. Leo wanazika wenye fedha. Kesho wajukuu wao watasema pale ni kwao.

Jambo hili si geni. Mwaka 1998 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilirusha chombo kilichobeba sehemu ya majivu ya Eugene Shoemaker, mwanajiolojia aliyetamani kufika Mwezini akazuiwa na maradhi. Tarehe 31 Julai, 1999, chombo hicho kiliangushwa Mwezini kwa makusudi, pamoja na majivu yake. Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, walilalamika, kwa kuwa kwao Mwezi ni kitu kitakatifu na kuweka mabaki ya maiti huko ni kuunajisi. NASA iliomba radhi, ikaahidi kwamba siku za mbele itashauriana nao kwanza.

Desemba 2023, Rais wa Wanavajo, Buu Nygren, alilazimika kuandika barua kukumbusha ahadi ile na kuomba safari ya Peregrine iahirishwe. Mkutano ukaitishwa siku chache tu kabla ya roketi kuruka, vikasha vikiwa vimekwisha kupakiwa. NASA ilijibu kwamba safari ni ya kampuni binafsi, na kwamba yenyewe haina amri juu ya mizigo ya wengine. Na hali vyombo vyake yenyewe vilikuwa humo humo, vikisafirishwa kwa fedha za umma!

Jibu hilo hatulikubali. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ambao Marekani yenyewe iliutia sahihi, unakataza taifa lolote kuumiliki Mwezi, na unasema matumizi yake yawe kwa manufaa ya nchi zote. Tena unaibebesha kila serikali dhamana ya yale yafanywayo huko na makampuni yake, na kuitaka iyape idhini na kuyasimamia. Serikali iliyotia sahihi maneno hayo haiwezi kunawa mikono kwa kusema mwenye mzigo ni mfanyabiashara.

Wanavajo hawakuomba Mwezi uwe wao. Waliomba kuulizwa. Safari nyingine za namna hii zitakuja, maana wanunuzi wapo na misiba haiishi. Tunataka serikali zinazotoa vibali ziwaite wenye malalamiko kabla mfiwa hajatoa fedha yake na kabla majivu hayajatiwa kikashani, na kibali kiweze kukataliwa.