Wasanifu Majengo Wanaongezeka: Je, Vigango Vyetu Vitanufaika?

Kila mwaka Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinapofanya mahafali, mafanikio husomwa hadharani: wahitimu, tafiti, majengo mapya. Ni haki yasomwe. Chuo hiki kilianza mwaka 1956 kwa kufundisha wapima ardhi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikasimama chenyewe. Leo kimo miongoni mwa vyuo vinavyonufaika na mradi wa HEET, ambao serikali iliuanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na kampasi yake nyingine inajengwa mkoani Mwanza. Mkopo huo utalipwa na Watanzania wote, akiwemo mkulima wa korosho wa Newala. Kwa hiyo naye ana haki ya kuuliza atapata nini.

Swali hili si la anasa. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jingine likaanguka Kariakoo, na zaidi ya 20 wakafariki dunia. Sheria ipo, na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo (ndivyo inavyowaita wasanifu) na Wakadiriaji Majenzi ipo. Ikiwa mambo ni hayo mjini, penye wataalamu wengi, huku kwetu ikoje?

Huku kwetu kamati ya ujenzi ya kigango hukusanya michango msimu wa korosho, hununua saruji na mabati, kisha humwuliza fundi kanisa liwe na ukubwa gani. Fundi hujibu kwa hatua za miguu. Simdharau fundi huyo. Wamisionari Wabenediktini walipoanza Ndanda mwaka 1906, baada ya vita vya Maji Maji kuziharibu misheni za Lukuledi na Nyangao, mabruda mafundi walifundisha vijana wetu useremala na uashi, na urithi huo ungali hai. Lakini fundi yule alikuwa na mchoro mkononi na bruda aliyemsimamia. Siku hizi mara nyingi mchoro haupo, na msimamizi ni katekista, mwenye kazi nyingine za kutosha.

Kuna faida nyingine ya usanifu ambayo watu wa nyanda za juu za Makonde wataielewa upesi kuliko wengine. Soko Kuu la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina paa lenye umbo la miavuli mikubwa inayokinga mvua na kuipeleka katika tangi chini ya ardhi. Newala mvua hunyesha, lakini udongo wa kichanga huinywa mara moja, na vizazi vya akina mama wameteremka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Paa la kanisa la kigango ni pana kuliko paa lolote kijijini. Kulijenga bila mifereji wala tangi ni kumwaga maji ya wanakijiji, na kosa hilo hufanyika kabla jiwe la msingi halijabarikiwa.

Mwanafunzi wa usanifu majengo husoma miaka mitano na hupelekwa mafunzo kwa vitendo. Wengi, kwa sababu zinazoeleweka, hubaki Dar es Salaam, kwenye kazi na posho. Majimbo yetu yanaweza kukiandikia chuo na kuomba wanafunzi wachache kila mwaka pamoja na mwalimu wao: parokia itoe malazi na chakula, nao wapime viwanja vya vigango na kuchora, na msanifu aliyesajiliwa ahakiki kazi hiyo. Gharama yake haifikii bei ya paa moja linaloezuliwa na upepo. Kamati zinazojiandaa kwa msimu huu zitenge mchango wa kwanza kwa ajili ya mchoro na upimaji wa udongo; mabati yanunuliwe baadaye.