Rekodi ya Obama kule Illinois ni funzo kwa mabunge yetu

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hunijia kila ninapowasikia Wakenya wakilitaja jina la Barack Obama, kwa kuwa aghalabu tunakitazama chombo kikielea bila ya kuuliza kiliundwa wapi na kwa mbao zipi. Tarehe 6 Novemba 2008 nchi nzima ilipumzika kusherehekea ushindi wake, baada ya Rais Mwai Kibaki kuitangaza siku hiyo kuwa sikukuu ya taifa. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaojua kwamba kabla ya kupanda hadi Washington, mtu huyu alitumikia karibu miaka minane katika bunge la jimbo, mjini Springfield, mahali ambapo hata Wamarekani wengi hawapaangalii?

Sehemu ya lawama naitwika lugha. Obama alipozuru Kenya mwezi Agosti 2006 na kuhutubu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu ufisadi na ukabila, tulimwita Seneta. Wakati huo Kenya haikuwa na seneti. Ile tuliyoipata mwaka wa 1963 ilikuwa imevunjwa 1966, na haikurejea hadi 2013, chini ya Katiba ya 2010. Kwa vijana wengi, basi, neno seneta halikuwa na maana nyingine ila Obama mwenyewe. Shule moja ya upili kule Kogelo iliitwa kwa jina lake pamoja na cheo hicho, na bia iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Senator wanywaji wakaibatiza Obama. Neno lilizaa vitukuu, lakini likaficha tofauti kubwa iliyokuwamo ndani yake.

Tofauti yenyewe ni kwamba Marekani ina seneti nyingi. Ipo moja ya taifa, yenye wajumbe 100, na karibu kila jimbo lina yake. Ya Illinois ina wajumbe 59. Obama aliapishwa katika seneti hiyo ya jimbo mwezi Januari 1997, na hakuingia katika Seneti ya taifa hadi Januari 2005. Ijapokuwa jimbo la Marekani lina mamlaka makubwa zaidi ya kaunti zetu, kazi ya bunge la Springfield yakaribiana zaidi na ya bunge la kaunti kuliko ya Seneti yetu ya Nairobi: hospitali, kodi ndogo ndogo, barabara, na malalamiko ya raia wanaomjua mwakilishi wao kwa sura.

Aliingiaje humo? Jibu halimpendezi kila mtu. Mwaka wa 1995 Bi. Alice Palmer, aliyekuwa seneta wa wilaya ya 13 upande wa kusini wa Chicago, aliamua kugombea kiti katika Bunge la Congress. Obama, aliyekuwa wakili na mhadhiri wa sheria, akajitokeza kukirithi kiti chake cha jimbo. Mwezi Novemba mwaka huo Bi. Palmer alishindwa na Jesse Jackson Mdogo, akageuza nia na kutaka kukitetea kile alichokwisha kukiaga. Obama hakukubali kumpisha. Wasaidizi wake walikwenda kuzikagua karatasi zenye sahihi za wapiga kura waliompendekeza Bi. Palmer, wakaonyesha kwamba nyingi hazikuwa halali: wengine walikuwa wanaishi nje ya wilaya, wengine hawakusajiliwa kupiga kura, na wengine waliandika majina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi. Idadi iliyosalia haikufikia kiwango cha sheria. Wapinzani wengine watatu nao wakaondolewa kwa njia iyo hiyo. Katika uchaguzi wa mchujo wa Machi 1996, Obama alikuwa peke yake.

Sheria ilifuatwa, hapana shaka. Hata hivyo, mtu aliyeongoza kampeni ya kuwasajili wapiga kura Chicago mwaka wa 1992 aliingia bungeni kwa kuwanyima wapiga kura hao mtu wa pili wa kumchagua. Nayasema haya si kwa kumshushia hadhi, bali kwa sababu wanafunzi wetu hufundishwa kumsifu bila ya kumsoma. Siasa ya uchaguzi huanzia katika karatasi. Nasi twayajua hayo, maana Katiba yetu yamtaka mgombea urais awe na wapendekezaji wasiopungua 2,000 katika kila mojawapo ya kaunti zilizo nyingi, na wako waliokwama hapo.

Katika uchaguzi mkuu wa Novemba 1996 alipata zaidi ya asilimia 80 ya kura, na 1998 akashinda tena kwa kishindo. Lakini kushinda kiti si kuwa na nguvu. Seneti ya jimbo ilikuwa mikononi mwa chama cha Republican, ilhali yeye alikuwa wa Democratic, kwa hiyo miswada yake mingi haikufika popote. Alichofanya ni kutafuta washirika katika upande wa pili. Mnamo 1998 alisaidia kupitisha sheria ya kuwazuia wanasiasa kupokea zawadi ovyo na kutumia fedha za kampeni kwa mambo yao binafsi, jambo lililokuwa la kawaida Illinois kwa miaka na miaka.

Kisha akateleza. Mwaka wa 1999 alitangaza kwamba angemkabili Bobby Rush, mbunge wa Congress aliyepata kuwa kiongozi wa chama cha Black Panther mjini Chicago na aliyependwa na watu wake. Mwezi Oktoba mwaka huo mwana wa Rush alipigwa risasi na kufa, na wapiga kura wakamhurumia. Disemba bunge la jimbo liliitwa kupiga kura juu ya mswada wa kudhibiti bunduki. Obama alikuwa Hawaii na jamaa zake kwa Krismasi, bintiye mchanga akaugua, naye hakurudi. Mswada ukaanguka kwa upungufu wa kura chache, na magazeti hayakumsaza. Isitoshe, wapinzani walimchora kama msomi wa chuo kikuu aliyekuja kutoka nje kuwafundisha wenyeji namna ya kuishi. Mimi nifanyaye kazi ya chuo kikuu naijua lawama hiyo, na wakati mwingine tunaistahili. Mchujo wa Machi 2000 ulipokwisha, Rush alikuwa na asilimia 61, naye Obama 30.

Kwa bahati, muhula wake Springfield haukuwa umekwisha, naye akarudi kitini. Bahati ya pili ilikuwa ya ajabu zaidi. Baada ya sensa ya 2000, mipaka ya wilaya ilipaswa kuchorwa upya, na vyama viwili vikashindwa kuafikiana. Katiba ya Illinois yasema kwamba mambo yakifika hapo hupigwa sadaka, yaani jina la mtu wa chama kimojawapo huchotwa kama katika mchezo wa bahati nasibu. Mwaka wa 2001 karatasi iliyochotwa kutoka katika kofia ilikuwa ya Democratic. Chama hicho kikachora mipaka, na Januari 2003 kikaitwaa Seneti ya jimbo. Obama, ambaye 2002 hakuwa na mpinzani, akawa mwenyekiti wa kamati ya afya.

Hapo ndipo miaka ya kusubiri ilipozaa matunda. Illinois ilikuwa na aibu kubwa: watu 13 waliohukumiwa kifo walikuwa wamebainika kwamba hawakustahili hukumu hiyo, hata Gavana George Ryan akasimamisha unyongaji mwaka wa 2000. Baadhi ya mashtaka yalisimamia maungamo yaliyotolewa katika vyumba vya polisi ambamo hapakuwa na shahidi. Mwaka wa 2003 Obama alidhamini mswada wa kuwalazimisha polisi kunasa kwa kanda mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashtaka waliupinga. Alikaa nao, akawasikiliza, akarekebisha vifungu, na hatimaye Seneti ikaupitisha bila ya kura hata moja ya kuupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka takwa hilo kwa sheria ya bunge.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika bunge la Illinois mjumbe anapoitwa kupiga kura ana njia tatu: kusema ndiyo, kusema la, au kusema "nipo". Hii ya tatu yafanana na jibu la mwanafunzi mwalimu anapoita majina asubuhi. Kwa kuwa mswada huhitaji wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, "nipo" hufanya kazi ya "la" bila ya kuwa na ukali wa "la". Obama aliitumia mara zipatazo 130 kati ya kura elfu kadhaa. Katika kampeni za 2008 Bi. Hillary Clinton alimshambulia kwayo, akidai kwamba alikuwa akikwepa maamuzi magumu. Wafuasi wa Obama walijibu kwamba ilikuwa mbinu ya kawaida ya kuonyesha mswada una kasoro. Kila mmoja ana hoja yake. Lakini tazama: mjadala huo uliwezekana kwa sababu kila kura ilikuwa imeandikwa. Katiba ya Illinois yaamuru kwamba kura ya mwisho ya kupitisha mswada inakiliwe, jina kwa jina. Mtu wa wilaya ya 13 aliweza kujua mwakilishi wake alisema nini, lini, na juu ya jambo gani.

Kwetu je? Katika mabunge yetu maswali mengi huamuliwa kwa sauti. Spika huwauliza wanaokubali waseme "ndiyo" na wanaokataa waseme "la", kisha huamua sikio lake limesikia nini. Mimi ni mwanaisimu, na sauti ni riziki yangu, lakini najua kwamba sauti ya wengi haina mwenyewe. Ikishatoka imetoka, na mjumbe aweza kwenda kijijini kwake jioni akaapa kwamba alipinga.

Tulionja tofauti yake mwezi Juni 2024. Mswada wa Fedha ulipopigiwa kura bungeni tarehe 20, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga, na kila kura ilikuwa na jina. Majina hayo yakasambaa nchini kote. Tarehe 25 ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, siku ambayo damu ya vijana ilimwagika, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hangeutia sahihi. Nani asiyeona kwamba vijana wale, wengi wao wanafunzi wetu, walikuwa wakifanya kazi ambayo sisi wazee hatukuifanya, yaani kusoma rekodi?

Lakini hayo yalikuwa bungeni Nairobi, juu ya mswada mmoja. Nchi hii ina wadi 1,450, na kila moja ina mjumbe katika bunge la kaunti. Humo ndimo watakaotoka magavana, maseneta, na pengine marais wa kesho. Tunawapima kwa mchango waliotoa katika mazishi, kwa karo waliyolipa, na kwa idadi ya matanki ya maji. Yamkini ni watu wema. Lakini hawakuchaguliwa kuwa wafadhili, wamechaguliwa kutunga sheria na kuikagua serikali ya kaunti, na hatuwezi kujua wanaifanyaje kazi hiyo ikiwa kura zao zapotelea hewani.

Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola. Nawaomba walimu wenzangu wa shule za upili wawatume wanafunzi kwenye bunge la kaunti yao kuomba Hansadi ya mwaka mmoja, waone mwakilishi wa wadi yao alizungumza mara ngapi, alidhamini hoja gani, na kura ngapi zilinakiliwa kwa majina. Wakiambiwa hazikunakiliwa, basi nalo hilo ni jibu, na walipeleke kwa mjumbe huyo katika baraza la kwanza atakaloitisha. Mali bila daftari, walisema wahenga, huisha bila habari. Kura nazo ni mali.