Safari ya miezi mitano kwa leseni ya mtu mmoja

Dada yetu mmoja aishiye Leicester, Uingereza, ametuandikia barua ndefu ambayo, kwa ridhaa yake, tunaijibu katika safu hii badala ya kumjibu faraghani, kwa kuwa tunaamini wapo wengine wenye swali kama lake. Mumewe, aliyestaafu kazi ya udereva wa basi, amenunua gari-nyumba. Yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji ndani yake, ambalo wazee wengi wa Ulaya hulitumia kuikimbia baridi. Nia yake ni kuingia Hispania tarehe 1 Novemba 2026, kuvuka bahari hadi Morocco, na kurejea mwishoni mwa Machi. Dada yetu hakushauriwa. Aliliona gari likiegeshwa mbele ya nyumba. Sasa anatuuliza: je, akikataa kwenda, atakuwa amemvunjia mumewe heshima?

Tuseme kwanza lililo wazi. Mume aliyenunua nyumba ya pili, hata kama ina magurudumu, pasi na kumshauri mwenzake wa miaka zaidi ya thelathini, amekosea, na si vibaya akaambiwa hivyo kwa upole. Hata hivyo, hamu yake tunaielewa. Mwezi Desemba mwanga wa jua mjini Leicester haufiki saa nane kwa siku, na siku nyingi jua lenyewe halionekani. Agadir, pwani ya kusini mwa Morocco, mchana wa mwezi huo huo huzidi saa kumi, na joto la adhuhuri hukaribia nyuzi 20. Kwa mzee mwenye magoti yanayouma, hilo si jambo la anasa.

Kwa hiyo hatumshauri dada yetu akatae. Tunamshauri akubali kwa sharti moja: gari hilo lisivuke bahari mpaka yeye mwenyewe awe na uwezo wa kulirudisha nyumbani. Mumewe ana umri wa miaka 69 na ana kisukari anachokitibu kwa vidonge. Akiugua akiwa kilomita 2,500 kutoka mlangoni kwake, ni nani atakayeshika usukani? Kila tutakalolisema hapa chini lipimwe kwa swali hilo.

Tuanze na leseni. Barua inasema kibati cha gari kinaonyesha kuwa uzito wa juu ulioruhusiwa ni kilo 3,850. Mume alifaulu mtihani wa udereva Uingereza mwaka 1984. Waliofaulu gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 walipewa pia, pasi na mtihani mwingine, daraja liitwalo C1, ambalo huwaruhusu kuendesha magari ya hadi kilo 7,500. Dada yetu alifaulu mwaka 2003, na leseni yake humfikisha kilo 3,500 tu. Maana yake ni kwamba gari lililoegeshwa mbele ya nyumba yake hana ruhusa ya kuliendesha hata hadi dukani. Wala haisaidii kuondoa mizigo, kwa sababu kinachotazamwa na sheria ni maandishi ya kibati.

Si hayo tu. Mume atatimiza miaka 70 katikati ya Januari, wakiwa Morocco. Siku hiyo leseni yake itafikia ukomo. Kuihuisha kwa magari madogo ni fomu tu, lakini kubakiza C1 kunahitaji ripoti ya uchunguzi wa daktari, na ugonjwa wa kisukari lazima utajwe. Maombi huweza kupelekwa siku 90 kabla ya siku ya kuzaliwa, yaani katikati ya Oktoba, wiki mbili tu kabla ya safari iliyopangwa. Asipofanya hivyo, mwezi Februari atakuwa barabarani katika nchi ya ugeni na gari asiloruhusiwa kuliendesha, na kampuni ya bima itakuwa na sababu nzuri ya kukataa kulipa. Rai yetu ni kwamba tarehe ya kuondoka ingoje kadi mpya ifike mkononi.

Kuna njia ya kuyamaliza matatizo yote mawili kwa pamoja, nayo ni kuliombea gari lisajiliwe upya kwa uzito wa kilo 3,500. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya makaratasi na kibati kipya. Gari lenyewe halikatwi popote. Mke ataweza kuliendesha, na mume hatahitaji C1 tena. Gharama yake ni nyingine: kilo 350 za mizigo zinapotea. Hapo ndipo maandalizi ya kweli yanapoanza, na tunaona ni vyema yakaanzia jikoni.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 100 likijazwa kabla ya kuondoka ni sawa na kumbeba mtu mzima aliyenenepa. Robo yake yatosha wakati wa mwendo, na maji hujazwa mfikapo. Gunia la mchele la kilo 20 nalo liachwe. Hispania hulima mchele wake, hasa maeneo ya Valencia, na Morocco hakuna mtu aliyekufa njaa kwa kukosa unga. Mbuzi ya kukunia nazi tunairuhusu, kwa kuwa hiyo hawataiona huko. Wakishapakia kila kitu, nao wawili wakiwa wamekaa ndani, wakalipime gari kwenye mizani ya malori, ekseli kwa ekseli. Kitakachozidi kishushwe palepale, na tunaomba isiwe kila mara ni sanduku la mama linaloshushwa huku zana za baba zikibaki.

Katika kupakia chakula, wengi wa ndugu zetu hufikwa na jambo wasilolitarajia. Tangu Uingereza ilipoondoka katika soko la Ulaya mwanzoni mwa 2021, msafiri atokaye huko haruhusiwi kuingia Ufaransa au Hispania na nyama wala maziwa, wala vitokanavyo na hivyo. Lile friji lililojazwa kuku na mbuzi wa halali kwa ajili ya mwezi mzima litamwagwa bandarini, na sambusa za nyama zitafuata. Matunda na mboga mbichi nazo zina masharti yake, isipokuwa matano yaliyosamehewa: ndizi, nazi, tende, nanasi na duriani. Tuliposoma orodha hiyo tulicheka, maana ni kana kwamba imeandikwa na mtu wa Tanga. Nyama ya halali itapatikana katika miji mikubwa ya Hispania, na wakivuka bahari watakuwa hawana haja ya kuulizia.

Sasa hesabu ya siku. Wote wawili wana pasipoti za Uingereza. Mwenye pasipoti hiyo huruhusiwa kukaa katika nchi za Schengen siku 90 tu ndani ya siku zozote 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza kutumika mfumo wa kuchukua alama za vidole na picha mipakani, kwa hiyo hesabu haitegemei tena muhuri uliofifia. Morocco nayo humpa siku 90 pasipo viza. Waliobaki na pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata wakiwa na kibali cha kuishi Uingereza, wanahitaji viza ya Schengen kabla ya yote. Wasidanganyike kwa mfano huu.

Mume amepanga kuvuka kwenda Morocco tarehe 20 Novemba. Akifanya hivyo, siku zake 90 zitamalizika tarehe 17 Februari. Lakini Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza takriban tarehe 8 Februari. Watakuwa wamefunga siku tisa au kumi kwa utulivu, kisha wafungashe virago na kuendesha zaidi ya kilomita elfu moja kuikata Hispania wakiwa na saumu, mmoja wao akiwa na kisukari. Tunapendekeza wakae kusini mwa Hispania hadi tarehe 15 Desemba ndipo wavuke. Siku 90 za Morocco zitawafikisha tarehe 14 Machi. Ramadhani yote na Idi, ambayo inatarajiwa karibu na tarehe 10 Machi, zitawakuta mahali pamoja. Upande wa Schengen watakuwa wametumia siku 45 kabla ya kuvuka, na wakiwa wameondoka Ulaya ifikapo tarehe 31 Machi watakuwa wameongeza 18, jumla 63. Zinabaki 27 za akiba kwa ajili ya gari kuharibika au mtu kulazwa. Kama mwenye kisukari afunge au asifunge, hilo waliamue na daktari wake kabla ya kuondoka, si huko njiani.

Wakifika bandari ya Tanger Med, au Tangier yenyewe, gari litaandikwa na forodha kwa jina la aliyeliingiza, naye hawezi kuondoka nchini akaliacha nyuma hivi hivi. Dada yetu alielewe hilo, kwa sababu mumewe akihitaji kurudishwa kwa ndege, swali la kwanza litakuwa gari. Karatasi ya forodha, kadi halisi ya gari, bima na nambari za simu za dharura ziwe na nakala katika mkoba wake yeye. Bima nyingi za Uingereza haziifikii Morocco mpaka uombe, na nyingine hazifiki kabisa; asiye nayo hununua bandarini. Jina la mke liwemo kama dereva. Tena kadi ya afya iitwayo GHIC, inayowasaidia katika hospitali za umma za Hispania na Ufaransa, Morocco haitambuliwi. Ni lazima wakate bima ya matibabu ya safari ndefu, waeleze maradhi yote, na wasome ni siku ngapi inaruhusu kwa safari moja. Dawa nazo: daktari wa Uingereza mara nyingi hatatoa za zaidi ya miezi mitatu, na safari hii ni ya mitano. Wakamwone mwezi Septemba wakiwa na mpango, si Oktoba wakiwa na haraka.

Gesi ndilo jambo tunalomtaka dada yetu alijue kwa mikono yake. Mitungi ya butani huacha kutoa gesi hali ya hewa ikikaribia nyuzi sifuri. Propani hustahimili baridi kali kuliko hiyo kwa mbali. Uwanda wa juu wa Burgos, ambao watu washukao melini Santander huupitia, huganda usiku wa Novemba, na mzee atakayeamka saa tisa usiku akakuta kipasha joto kimezimika atajuta kuchagua butani. Afahamu vali ya mtungi iko wapi, aifunge na kuifungua mwenyewe, na aifunge kila wapandapo meli. King'ora cha kaboni monoksidi kiwemo na kijaribiwe. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari kamwe, hata likionekana limezimika. Moshi usioonekana ndio unaoua waliolala.

Matairi hatutayasemea sana ila hili: tazama tarakimu nne ubavuni mwa tairi, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa muda mrefu, na tairi huzeeka kabla halijaisha.

Nyumba wanayoiacha nayo ina masharti yake. Bima nyingi za nyumba hupunguza ulinzi jengo likikaa tupu zaidi ya siku 30 au 60. Basi mmoja wa watoto alale humo, na kampuni iarifiwe kwa maandishi. Pensheni ya serikali huendelea kulipwa, lakini nyongeza iitwayo Pension Credit kwa kawaida hukoma baada ya wiki nne za kuwa nje ya nchi, na wasiotoa taarifa hudaiwa baadaye.

Limebaki la usukani. Uingereza, kama Tanzania na Kenya, huendesha upande wa kushoto. Hispania na Morocco huendesha kulia. Dereva wa gari la Kiingereza huko hukaa upande wa ukingo wa barabara, wala haoni kinachokuja mbele anapotaka kulipita lori. Anayeona ni aliyekaa kushoto. Dada yetu, basi, atakuwa akiendesha nusu ya safari kwa macho, apende asipende.

Usajili mpya wa uzito ukishakamilika, mwezi Septemba waende mahali pa karibu, usiku mbili tu, wakalale ndani ya gari, wapike, wamwage choo, wafunge gesi. Kwenda aendeshe mume. Kurudi aendeshe mke, mume akiwa amekaa kushoto, kimya.