Turbo katika gari la otomatiki: Ipogolo kwaonyesha faida na hatari yake

KWA dereva anayetoka Dar es Salaam, Ipogolo ndiyo lango la Iringa. Akifika hapo amekwisha kuupanda Mlima Kitonga, na bado anakabiliwa na mwinuko mwingine kabla ya kuingia mjini. Ni katika njia ya namna hii ndipo sifa za magari ya otomatiki yenye turbo zinapopaswa kupimwa.

Suala hilo linamgusa kila mnunuzi wa gari lililotumika. Kwa miaka mingi sasa watengenezaji wa Japan na Ulaya wamekuwa wakipunguza ukubwa wa injini na kufidia kwa turbo ili kubana matumizi ya mafuta.

Katika Nyanda za Juu Kusini, turbo ina hoja ya msingi. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Turbo, iliyobuniwa na Alfred Büchi wa Uswisi mwaka 1905, hutumia moshi unaoelekea kwenye ekzosi kuzungusha feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda.

Otomatiki nayo huisaidia turbo. Dereva wa gia za mkono huachia pedeli ya mafuta kila anapobadili gia, na feni hupunguza kasi. Katika otomatiki mguu haubanduki, hivyo nguvu haikatiki mlimani.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama, nayo ni joto. Giaboksi ya otomatiki hupitisha nguvu kwa kusukuma mafuta, na mafuta hayo huchemka gari linapopanda polepole likiwa na mzigo. Kwa sababu hiyo, kufunga turbo gereji katika gari ambalo giaboksi yake haikuundwa kwa nguvu hiyo ni kuziweka klachi zake za ndani katika hatari ya kuungua.

Turbo yenyewe hutegemea oili ya injini, kwa kuwa feni yake huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Anayezima injini mara tu amalizapo kupanda huiacha oili iungulie humo. Dakika moja au mbili za kuiacha iungurume zinatosha kuepusha hasara hiyo.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi iko katika safari ya kurudi. Kutoka mjini kuteremka hadi Ipogolo, turbo haina msaada wowote. Gari likiachwa kwenye D, mara nyingi giaboksi hupanda gia ya juu, injini ikaacha kulizuia gari, na mzigo wote ukaelemea breki. Breki zikipata joto kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika. Dereva hana budi kuchagua gia ya chini, 2 au L, kabla ya kuanza kuteremka, si baada ya kuona gari limemzidi.

Mnunuzi anayevutiwa na nguvu ya turbo na aulize pia hali ya mafuta ya giaboksi na ya breki. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.