Jibu Tupu Si Ushahidi, Wasee

Leo naongea na nyinyi mnaosomea IT, lakini hata nyinyi wengine msihepe, hii story ni ya pesa za watu.

Nilikuwa atachi kwa duka fulani la mtandaoni hapa Nairobi, jina niachieni. Wateja walikuwa wanalia: pesa imetoka kwa simu, oda haijaingia. Mmoja alikuwa mama amelipia yunifomu za watoto, na shule zinafungua Jumatatu. Watu wa kupokea malalamiko wakaandika namba zote kwa Excel, wakatupatia faili ya CSV. Tukaipakia Splunk iwe jedwali la kulinganishia: kila namba ya simu kwenye logi za malipo, jedwali lituambie kama ni ya mtu aliyelalamika.

Kweri ikarudi tupu. Hakuna kosa, hakuna rangi nyekundu, tupu tu. Bosi akaangalia skrini akasema, "Si mnaona? Hawa wanatuona mafala." Na mimi nikanyamaza. Manze, hiyo ndiyo huniuma mpaka leo.

Kumbe logi zinaandika 2547 na kuendelea. Watu wetu waliandika 07, vile Wakenya wengi hutaja namba zao, halafu Excel ikadhani ni hesabu, ikaangusha ile sifuri. Ikabaki 7. Kwako wewe hiyo ni simu moja. Kwa Splunk hao ni watu tofauti kabisa, kwa sababu inalinganisha herufi kwa herufi. Hata nafasi moja tu iliyojificha mwisho wa neno inatosha kuharibu. Hata herufi kubwa na ndogo, kama hujaiambia isijali.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kama jedwali halijawahi kukupa "ndiyo", huna haki ya kuamini "hapana" yake. Weka ndani namba moja unayojua iko kwenye logi, hata yako mwenyewe. Isipotoka, jedwali ni gonjwa, acha kushuku wateja. Lifungue peke yake kwa inputlookup uone kama lina kitu na kama jina la safu ni lile uliloandika kwenye kweri. Halafu pima urefu wa namba pande zote mbili. Sisi tulikuwa na 12 huku na 9 kule. Dakika tano, buda.

Kuna wenye watasema kosa ni la walioandika faili. Zii. Wao waliandika namba kama binadamu. Kuzifanya zifanane ilikuwa kazi yetu.

Tulikuja kushtuka Jumanne. Tukachukua tarakimu tisa za mwisho pande zote mbili, na majina yakamwagika. Yule mama alirudishiwa pesa yake Jumatano.